Santuri Isiyo na Kiswahili: Hotuba ya Kumkumbuka Carl Sagan

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi mliotuletea watoto, na ninyi wanafunzi mliokatisha likizo ili kuja kumsikiliza mzee akizungumza habari za mtu aliyefariki kabla hamjazaliwa: wakubwa shikamooni, na ninyi wadogo shikamoo zenu nimezipokea zote kwa pamoja, marahaba.

Leo ni tarehe 20 Desemba. Siku kama ya leo, mwaka 1996, katika mji wa Seattle nchini Marekani, alifariki Carl Sagan akiwa na umri wa miaka 62, baada ya kuugua kwa muda mrefu maradhi ya uboho ambayo mwishowe yalimfanya ashindwe kuhimili homa ya mapafu. Alikuwa mtaalamu wa sayari, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, na mtu ambaye kwa kizazi kizima cha Wamarekani, na baadaye kwa watu wa nchi nyingi, sura yake kwenye televisheni ndiyo iliyokuwa sura ya sayansi yenyewe. Nimeombwa nimkumbuke mbele yenu kwa muda usiozidi nusu saa, na nitajitahidi kuutunza muda huo, kwa sababu darubini iko uwanjani na mbingu za Desemba hazina tabia ya kumsubiri msemaji amalize.

Nianze na kukiri jambo. Mfululizo wa vipindi vyake 13 uitwao *Cosmos* ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 28 Septemba 1980, na inakadiriwa kwamba umetazamwa na watu zaidi ya milioni 500 katika nchi zipatazo 60. Mimi sikuwa miongoni mwao. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini, lakini sisi wa Bara tuliingojea mpaka mwaka 1994, na hata ilipofika haikuwa kitu cha kukikuta katika kila nyumba. Nilimfahamu Sagan akiwa tayari marehemu, kwa njia ya kanda za video alizorudi nazo mwalimu mwenzetu aliyekuwa masomoni ng'ambo. Vilikuwa vipindi vitano tu kati ya vile 13, tena vilivyonakiliwa vibaya kiasi kwamba kila baada ya dakika chache mistari ya chengachenga ilipita usoni mwa msemaji. Tuliazima televisheni, tukawasha jenereta ya shule, tukakaa bwaloni walimu na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita.

Mama mmoja mpishi wa shule ile, aliyekuwa amemaliza kuosha masufuria, alisimama mlangoni na kanga yake begani, akatazama. Hakujua Kiingereza cha kutosha, na mwalimu mmoja alikuwa akitafsiri kwa sauti ya chini. Kipindi kile Sagan alikuwa akisimulia utoto wake wa Brooklyn, jinsi alivyowauliza watu nyota ni nini na kila mmoja akamjibu kwamba ni taa angani, basi, mpaka akaenda maktaba kuomba kitabu cha nyota, na mtunza maktaba akamletea kitabu cha picha za waigizaji wa sinema, kwa kuwa hao nao kwa Kiingereza huitwa nyota. Alipopata kitabu alichokitaka, akasoma kwamba nyota ni majua yaliyo mbali mno, na kwamba jua ni nyota iliyo karibu. Mama yule akauliza kutoka mlangoni: “Kwa hiyo jua nalo ni nyota?” Mwalimu mmoja wa fizikia akacheka. Mwalimu huyo ni mimi.

Nilicheka kwa sababu niliona swali lile ni dogo, nami nilikuwa na shahada. Lakini pale kwenye kioo alikuwapo mtu mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeshiriki katika safari za vyombo vya angani kuelekea sayari karibu zote zilizofikiwa wakati wake, naye alikuwa ametumia muda wa kutosha wa kipindi chake kulijibu swali lile lile, kwa uso mzito, kama swali kubwa. Na kwa kweli ni kubwa. Watu waliishi duniani makumi ya maelfu ya miaka bila kulijua jibu lake. Tangu jioni ile nimeamini kwamba kilichomtofautisha Sagan na wataalamu wengine waliowahi kuonekana kwenye televisheni hakikuwa sauti yake nzito wala koti lake lililoigwa na wachekeshaji. Alimheshimu mtu asiyejua. Alimwona kuwa ni mtu ambaye hajaambiwa bado, na hilo si sawa hata kidogo na mtu asiyeweza kuelewa.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1934. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka sehemu ambayo leo ni Ukraini, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na wazazi wake wote wawili, kama alivyopenda kusema mwenyewe, hawakujua chochote cha sayansi, ila walimwacha aulize. Wazazi mlioko hapa, hilo halihitaji ada.

Kazi yake ya kisayansi husahauliwa kwa sababu ya televisheni, na hiyo si haki. Alipokuwa akiandika tasnifu yake, iliyokamilika mwaka 1960, wapo waliodhani kwamba chini ya mawingu ya Zuhura huenda kuna mabwawa, bahari au majangwa ya vumbi. Vipimo vya mawimbi ya redio vilikuwa vimeonyesha joto kali mno, na wengi hawakujua walifasiri vipi. Sagan alieleza kwamba angahewa nzito ya hewa ya ukaa inaweza kulifungia joto la jua lisitoke, kama blanketi juu ya mtu mwenye homa, na kwamba uso wa Zuhura lazima uwe tanuri. Chombo Mariner 2 kilipopita karibu na sayari hiyo Desemba 1962, vipimo vyake vilikubaliana na fikra ya uso wenye joto kali, na leo tunajua kwamba joto la pale ni kama nyuzi 460 za Selsiasi, joto la kuyeyusha risasi. Baadaye, pamoja na James Pollack, alionyesha kwamba mabadiliko ya rangi yanayoonekana Mirihi kwa majira, ambayo baadhi ya watu waliyadhania kuwa mimea inayochipua na kunyauka, yanaweza kuelezwa kwa vumbi linalopeperushwa na upepo. Angalieni kinaya kilichomo humo: mtu aliyetamani kuliko wote kukuta uhai nje ya dunia ndiye aliyeondoa moja ya dalili ambazo watu walizishikilia.

Hata hivyo, kupendwa na watu wa kawaida kulimgharimu. Chuo Kikuu cha Harvard kilimnyima ajira ya kudumu mwaka 1968, na miongoni mwa waliompinga ni Harold Urey, mshindi wa Tuzo ya Nobel, ambaye baadaye alimwandikia kumwambia kwamba alikosea. Akahamia Cornell, kwenye mji mdogo wa Ithaca, akabaki huko mpaka mwisho. Mwaka 1992 jina lake lilipelekwa kwenye Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ili awe mwanachama, likakataliwa. Miaka miwili baadaye chuo hicho hicho kikampa nishani yake kubwa ya huduma kwa jamii. Nimewahi kukaa katika vyumba vya walimu vya kutosha kuweza kuielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mwalimu anayeeleweka na wanafunzi wote huanza kushukiwa kwamba somo lake ni jepesi.

Sisemi kwamba hakukosea. Mwaka 1991, visima vya mafuta vya Kuwait vilipochomwa moto, alionya kwamba moshi ungeweza kupanda juu sana na kuvuruga mvua za Asia ya kusini. Moshi haukupanda kiasi hicho, na mvua hazikuvurugika. Aliliandika kosa hilo yeye mwenyewe kitabuni, kwa jina lake, kama mfano wa jinsi sayansi inavyojirekebisha. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kuliandika ubaoni kosa letu la wiki iliyopita?

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa wanafunzi wakichukue. Mwezi Desemba 1975, kijana mmoja mweusi wa miaka 17 kutoka Bronx, New York, aliyekuwa ameomba nafasi ya kusoma Cornell, alialikwa na Sagan binafsi aje Ithaca kwa siku moja. Sagan alikuwa tayari mtu mashuhuri. Alimtembeza kijana yule kwenye maabara, akampa kitabu chake akiwa amekitia saini na kuandika kwamba ni kwa mwanaastronomia wa siku zijazo, kisha jioni, theluji ilipoanza kuanguka, akampeleka kituo cha basi na kumwandikia namba ya simu ya nyumbani kwake, ili basi likishindwa kupita apige simu na kulala kwao. Kijana yule, Neil deGrasse Tyson, hatimaye alisoma kwingine, lakini mwaka 2014 ndiye aliyesimama mbele ya kamera kuuendeleza mfululizo wa mwenyeji wake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 2 tarehe 20 Agosti na Voyager 1 tarehe 5 Septemba, kwenda kuzitazama sayari za mbali na kisha kutoka kabisa katika himaya ya jua bila kurudi. Kila kimoja kilifungwa ubavuni santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, na mwenyekiti wa kamati iliyochagua mambo ya kuwekwa ndani yake alikuwa Sagan. Vijana wa simu za mkononi, santuri ni sahani ya muziki ya zamani. Waulizeni babu zenu waliocheza dansi. Kamati ilikuwa na muda mfupi mno. Ilipanga picha zaidi ya 100, sauti za mvua, radi, ndege, nyangumi na mtoto anayelia, muziki wa kama dakika 90, na salamu katika lugha 55, kwa matumaini kwamba kama kuna viumbe wenye akili watakaokiokota chombo hicho baada ya muda mrefu usiosemeka, watajua kwamba tuliwahi kuwapo.

Watu wa upande wetu wa dunia tumo ndani ya santuri hiyo, na nimegundua kwamba wengi hawajui. Imo sauti ya wasichana wa Kimbuti wakiimba wimbo wao wa unyago katika msitu wa Ituri, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, mahali ambapo leo ukisalimia kwa Kiswahili utaitikiwa. Imo picha ya mtafiti Jane Goodall akiwa na sokwe, yaani kazi yake ya Gombe, mkoani Kigoma, iko safarini kati ya nyota. Imo salamu ya Kiganda, inayowaombea watu amani ya Mungu siku zote. Na ipo salamu moja ya Wachina wa kusini, kwa lugha ya Kiamoi, ambayo kila nikiisoma nacheka kwa furaha, kwa kuwa ingeweza kusemwa na shangazi yeyote wa Tanga au Lamu: inawauliza marafiki wa angani wako hali gani, kama wameshakula, na inawakaribisha waje kutembea wakipata nafasi.

Kiswahili hakimo. Nimeipitia orodha ile ya lugha 55 zaidi ya mara moja, nikitumaini kwamba macho yangu yameruka mstari. Kimo Kisumeri, ambacho msemaji wake wa mwisho alizikwa maelfu ya miaka iliyopita. Kimo Kiakadi. Kimo Kihiti. Kinyanja na Kisotho vimo, navyo ni ndugu zetu. Kiswahili, ambacho hata wakati ule kilikuwa kikizungumzwa na mamilioni kutoka pwani hadi Kisangani, hakikuingia.

Wapo watakaolichukua hili kama tusi, nami siwafuati. Salamu nyingi zilirekodiwa kwa haraka kutoka kwa watu waliopatikana pale pale Cornell, na hakuna aliyekaa mezani akaamua kutudharau. Ninalolisikitikia ni jingine. Pengo la kwenye santuri haliwezi kuzibwa tena: Voyager 1 ilivuka mpaka wa himaya ya jua Agosti 2012, na sasa iko mbali kiasi kwamba ishara ya redio, ambayo hukimbia kwa kasi ya nuru, huchukua karibu siku nzima kutufikia. Lakini lipo pengo la pili, la hapa hapa ardhini, ambalo hatukuachiwa na mtu yeyote bali tumeliacha wenyewe. Ni hili la kuamini kwamba mbingu haziwezi kuelezwa kwa Kiswahili.

Nimelisikia neno hilo kwa walimu wazuri kabisa. Wanasema lugha haina msamiati. Basi nauliza: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya nani? Manahodha wa majahazi waliokwenda Ghuba na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi walisoma njia yao wapi, kama si juu? Mkulima aliyesema kwamba Kilimia, kile kikundi cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, alikuwa amefanya uchunguzi wa miaka mingi na kuufupisha katika sentensi ambayo mtoto anaweza kuibeba. Hiyo ndiyo kazi ile ile aliyoifanya Sagan.

Nakubali kwamba lugha yetu ina mitego. Neno mnajimu kwa wengi wetu bado linambeba mpiga ramli, anayekuambia nyota yako ni Mizani na Jumanne usisafiri. Sagan naye alikutana na mtego huo kwa watu wake, na namna alivyoutegua ni ya kupendeza: alinunua magazeti mawili ya siku moja ya New York, akasoma mbele ya kamera utabiri wa nyota ile ile katika kila gazeti, akawaachia watazamaji wasikie kwamba haufanani. Hakumtukana mtu. Alinunua magazeti tu. Sisi tunaweza kusema mwanafalaki au mwanaastronomia, na ninawaachia wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wagombane juu ya hilo, mradi mambo yenyewe yaelezwe.

Niwape mfano mmoja wa jinsi yanavyoweza kuelezwa. Sagan aliikunja historia yote ya ulimwengu katika mwaka mmoja. Ulimwengu unaanza saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, na sasa hivi ni saa sita usiku, tarehe 31 Desemba inapokwisha. Kwa hesabu aliyotumia, ya miaka bilioni 15, kila sekunde ya mwaka huo ni miaka kama 475. Siku hizi wataalamu wanasema umri ni miaka bilioni 13.8, kwa hiyo sekunde imepungua kidogo, lakini sura ni ile ile. Dunia yetu haizaliwi mpaka Septemba. Dinosaria wanatokea siku ya mkesha wa Krismasi. Binadamu wa kwanza kabisa anaonekana tarehe 31 Desemba, saa nne na nusu usiku, wakati watu wameshavaa na kwenda kwenye sherehe. Yote yaliyopata kuandikwa na mkono wa mtu, dini zote, falme zote, madeni yote, yamo katika sekunde kumi za mwisho. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaisifu. Hiyo ni sekunde moja na nusu hivi iliyopita. Hapo nimetumia neno gani la kigeni ambalo bibi yangu asingelielewa? Dinosaria, labda, nalo ningemchorea.

Tarehe 14 Februari 1990, kwa ombi ambalo Sagan alikuwa amelisukuma kwa miaka kadhaa dhidi ya wahandisi waliohofia kwamba jua lingeharibu kamera, Voyager 1 iligeuzwa ikiwa umbali wa kama kilomita bilioni 6, ikapiga picha za sayari za nyumbani. Dunia ilitoka kama chembe ya samawati ndani ya mwali wa mwanga, ndogo kuliko hata nukta moja ya picha yenyewe. Picha hiyo imetundikwa mlangoni mwa bwalo. Mtakapotoka itafuteni hiyo chembe, na msikubali mwenzenu awaonyeshe kabla hamjaiona wenyewe.

Mwenyekiti ananitazama, na nusu saa imekwisha. Nimalizie na tutakachokiona. Voyager 1 haiko juu yetu usiku huu, kwa kuwa katika mwezi huu hukaa upande wa jua na imetangulia kuzama magharibi. Lakini kaskazini-mashariki, mkitoka nje ya mti ule wa mwembe, mtakiona Kilimia kimeshapanda. Kwa macho mtahesabu nyota sita au saba. Kwa darubini mtaacha kuhesabu. Nuru mtakayoipokea iliondoka huko miaka ipatayo 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaweka jiwe la kwanza la Fort Jesus pale Mombasa.

Naomba taa za uwanjani zizimwe, na simu ziwekwe mifukoni ili macho yazoee giza. Na kuhusu foleni ya darubini, nimeshazungumza na Mkuu wa Shule na amekubali: itaanza na watu wa jikoni, kwa sababu bado wana masufuria yanawasubiri, na wakiwa na maswali nitakuwa nimesimama pale pale.